Celica ya Sokoni Siyo Celica ya Safari

Askari wa Kampala anapokaribia kupata mkopo wa Wazalendo au wa Exodus, wenzake humuuliza: utajenga, utasomesha, au utanunua gari? Kwa wapendao mwendo wa kasi, jina la Toyota Celica halikosi kutajwa. Yafuatayo ni majibu ya maswali yaulizwayo mara kwa mara, kabla fedha ya jasho haijatoka mfukoni.

Je, ndiyo gari iliyoshinda Safari? Sivyo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Celica iliyotwaa ushindi mwaka 1984, 1985 na 1986 ilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Zile zilizoshinda mwaka 1990, 1992, 1993, 1994 na 1995 ziliendeshwa kwa magurudumu yote manne. Ile ya mwaka 1994 ilikuwa mikononi mwa Mkenya Ian Duncan. Usione vyaelea, vimeundwa: magari hayo yalitengenezwa na mafundi maalumu wa mashindano. Celica ya kawaida, tangu mwaka 1985, huvutwa na magurudumu ya mbele. Toleo la saba, lililoanza mwaka 1999 na kukoma mwaka 2006, halikuwa na aina nyingine.

Je, itaimudu milima yetu? Penye lami, bila shida. Lakini gari lipandapo mlima, uzito hurudi nyuma na magurudumu ya mbele hupungukiwa na mshiko. Kwenye udongo uliolowa, hayo yatazunguka bure. Isitoshe, tumbo la Celica li karibu mno na ardhi.

Mnunuzi akague nini? Kwanza, injini. Zile za lita 1.8 za miaka ya mwanzo ya toleo la saba zinajulikana kwa kula oili, kwa sababu ya ringi za pistoni. Pima oili, kisha tazama moshi. Ukiwa wa buluu, ondoka. Pili, kata usukani hadi mwisho na uende polepole. Ukisikia mlio wa ka-ka-ka, viungo vya ekseli za mbele vimekwisha.

Vipuri je? Injini hiyo ni ya ukoo mmoja na ile ya Corolla, hivyo fundi wa Kisekka hatashangaa. Taa, milango na bampa ni vya Celica peke yake. Tena, sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo hata zile za mwaka 2006 zilifungiwa mlango mwaka 2021. Zilizobaki ni zile zilizokwisha kuingia, na kila moja igongwapo, idadi hupungua.

Ndugu askari, mwenye gari jingine la kazi na ainunue Celica kwa mapenzi yake. Lakini mwenye mkopo mmoja na watoto watatu akumbuke kuwa amri ya uhamisho yaweza kumpeleka Karamoja wiki ijayo. Milango miwili na kiti chembamba cha nyuma havitabeba jamaa wala magodoro, na deni litaendelea kukatwa mshaharani kila mwezi. Ushindi wa Safari haulipi deni hilo.