Buruji za Usiku na Nyimbo za Lindo

Askari yeyote aliyekaa kambini anaijua saa ile ambapo bendera imekwisha teremshwa, sufuria za jikoni zimekwisha oshwa, na mpiga buruji anasimama mbele ya lindo kuu akiinua chombo chake cha shaba. Sauti yake haina maneno, lakini kila aliyevaa sare anaielewa kuwa ni amri: mchana umefungwa, mlinzi ashike zamu yake, na asiye na zamu alale. Juu ya nyimbo za kwata na nyimbo za safari, ambazo ni nyimbo za mchana, mengi yamekwisha semwa, na wazee wetu wa KAR walituachia "Funga Safari" ambayo hata watoto wanaijua. Juu ya muziki uliozaliwa na usiku, hasa usiku wa mlinzi, machache yameandikwa katika lugha yetu, na hali muziki huo una historia ndefu na watunzi mashuhuri, na safari moja uliwasumbua wakubwa wa serikali kupita walivyosumbuliwa na mizinga.

Asili ya buruji ya kulala ni bia. Katika karne ya 17, huko Uholanzi na nchi za jirani, askari wengi walilazwa katika nyumba za raia, na jioni walijazana katika vilabu vya pombe. Ili kuwarudisha malazini, wapiga ngoma walitumwa kupita mitaani, na mwenye kilabu aliyesikia ngoma hiyo alipaswa kufunga bilula za mapipa yake papo hapo. Kwa Kiholanzi amri yenyewe ilikuwa "doe den tap toe", yaani funga bilula. Waingereza waliyasikia maneno hayo vitani, wakayageuza kuwa "tattoo". Wajerumani nao wakauita mwito wao wa usiku Zapfenstreich, jina ambalo nalo halikutoka mbali na pipa. Siku hizi "tattoo" ni tamasha kubwa la bendi za majeshi mbele ya wageni waheshimiwa, na aghalabu watazamaji hawajui kwamba wanashangilia amri ya kufunga pombe. Askari polisi aliyewahi kutumwa kufunga vilabu usiku wa mwisho wa mwezi atakubali kwamba ngoma ni njia ya adabu kuliko filimbi na rungu.

Doria ya namna hiyo ndiyo iliyomtia hamu mtunzi Luigi Boccherini. Bwana huyu alizaliwa Lucca, nchini Italia, mwaka 1743, akaenda Hispania kuajiriwa na Don Luis, ndugu wa mfalme. Don Luis alipokosana na ikulu kwa sababu ya ndoa yake, alilazimika kukaa mbali na mji mkuu, na mtunzi wake akamfuata hadi Arenas de San Pedro, mji mdogo wenye milima na usiku wa kimya kabisa. Huko, yapata mwaka 1780, Boccherini alitunga kwa ala tano za nyuzi muziki unaoeleza usiku wa mitaa ya Madrid. Unaanza kwa kengele za kanisa zinazoita watu kwenye sala ya jioni. Halafu inasikika ngoma ya askari, wala hakuna ngoma. Ni nyuzi tupu zinazoiga. Wanakuja vipofu wanaoomba kwa kuimba, na hapo wapigaji wa sello huambiwa waweke ala zao juu ya magoti na kuzikwaruza kwa kucha kama magitaa. Mwisho ndio unaotuhusu: doria ya usiku inakaribia kutoka mbali, sauti ndogo sana, inaongezeka hatua kwa hatua mpaka inapita chini ya dirisha la msikilizaji kwa kishindo, kisha inafifia upande wa pili wa mtaa hadi haisikiki tena. Mtunzi alimweleza mchapishaji wake kwamba kazi hiyo haifai nje ya Hispania, kwani msikilizaji wa mahali pengine hataielewa wala mpigaji hataipiga ipasavyo. Yamkini hakufikiri kwamba kila mji wenye amri ya kutotembea usiku una watu wanaolala macho wazi wakipima, kwa sikio tu, umbali wa viatu vya doria.

Katika miji ya Ujerumani na Austria mlinzi wa usiku hakuwa na ngoma bali pembe na sauti yake mwenyewe. Alizunguka na taa akiimba saa, akiwakumbusha wenyeji wafunike moto wasije wakaunguza mji. Heinrich Biber, aliyekuwa mwanamuziki wa Salzburg, alimwingiza mlinzi huyo katika muziki wake wa mwaka 1673. Richard Wagner alimpa nafasi kubwa zaidi katika mchezo wake wa kuimbwa juu ya mafundi waimbaji wa Nuremberg, ulioonyeshwa mara ya kwanza mjini Munich mwaka 1868. Humo karani mmoja mwenye majivuno anamwimbia mwanamke usiku chini ya dirisha. Jirani mmoja anakasirika, anashuka na kumpiga. Majirani wengine wanatoka, na muda si muda mtaa mzima umo katika ngumi pasipo mtu kujua kosa ni la nani. Ghafla pembe ya mlinzi inalia. Kila mtu anakimbilia nyumbani kwake na kufunga mlango. Mlinzi anaingia, anapikicha macho, anatazama mtaa mtupu unaong'aa kwa mbalamwezi, anaimba saa yake na kwenda zake. Katika michezo yote ya kuimbwa niijuayo, hii ndiyo ripoti ya kweli kabisa ya ghasia za usiku, pamoja na zamu kufika baada ya mambo kwisha.

Tuvuke bahari twende Marekani, mwaka 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni mwa mwezi wa Juni majeshi ya Kaskazini na ya Kusini yalipigana siku saba mfululizo karibu na Richmond, jimbo la Virginia, na zaidi ya watu 30,000 wa pande zote mbili waliuawa, kujeruhiwa au kutoweka. Jeshi la Kaskazini lilirudi nyuma hadi Harrison's Landing, ukingoni mwa mto James, likapiga kambi katika joto na magonjwa. Miongoni mwa maofisa wake alikuwamo Brigedia Jenerali Daniel Butterfield, ambaye mwenyewe alikuwa amejeruhiwa katika vita hivyo. Hakupendezwa na mwito uliotumika kuzima taa, aliuona mkavu. Usiku mmoja wa Julai alimwita mpiga buruji wake, kijana aliyeitwa Oliver Norton, akamwonyesha alama alizoandika kwa penseli nyuma ya bahasha. Kijana akapiga, jenerali akasikiliza, akarefusha sauti hii na kufupisha ile, mpaka akaridhika. Ni sauti 24 tu. Usiku ule ule mwito huo mpya ukapigwa badala ya ule wa zamani, na kwa kuwa usiku ulikuwa shwari ukasikika mbali. Kesho yake wapiga buruji wa brigedi za jirani wakaja kuomba nakala.

Kabla mwezi haujapita sana, akafa askari wa kikosi cha mizinga cha Kapteni John Tidball. Desturi ilikuwa kupiga risasi mara tatu juu ya kaburi. Lakini adui alikuwa karibu, na milio ya bunduki ingemfanya adhani kwamba mapigano yameanza tena. Kapteni akaamuru upigwe ule mwito wa kuzima taa. Uamuzi huo ulikuwa wa usalama tu, wa ofisa anayewaza mahali adui alipo, na kutokana nao ilizaliwa desturi ambayo hata leo inafuatwa katika mazishi ya kijeshi nchini Marekani.

Waingereza, ambao buruji zao ndizo zilizofika huku kwetu pamoja na KAR, walikuwa na mwito wa aina hiyo uitwao Last Post. Maana yake ya kwanza haikuwa ya huzuni hata kidogo: ofisa wa zamu alikuwa akikagua malindo, na mwito huo ulitangaza kwamba amelifikia lindo la mwisho na kambi i salama kwa usiku. Katika karne ya 19 ukaanza kupigwa makaburini. Huko Ypres, nchini Ubelgiji, lipo lango la Menin lenye majina ya askari zaidi ya 54,000 wa Vita Kuu ya Kwanza ambao makaburi yao hayajulikani. Tangu mwaka 1928, kila siku saa mbili usiku, wapiga buruji wa mji huo, wengi wao watu wa zimamoto, hupiga Last Post chini ya tao lake. Wakati Wajerumani walipoukalia mji katika vita vya pili, desturi hiyo ilihamishiwa katika makaburi ya Brookwood, Uingereza. Jioni ya tarehe 6 Septemba 1944, askari wa Poland walipokuwa wakiukomboa mji, buruji zilirudi langoni.

Sasa tuje kwa wimbo uliovuka mstari wa mapigano. Mwaka 1915 mwalimu mmoja wa Hamburg, Hans Leip, alikuwa askari mjini Berlin akingoja kupelekwa vitani Urusi. Akiwa katika zamu ya lindo usiku, alitunga shairi juu ya mlinzi aliye mbele ya lango la kambi, taa ya barabarani, na msichana anayemngoja chini ya taa hiyo. Mwito wa kulala unalia, naye hana ruhusa ya kukawia. Inasemekana jina la msichana aliliunganisha kutokana na majina ya wasichana wawili. Shairi lilitolewa kitabuni mwaka 1937. Mwaka uliofuata Norbert Schultze akalitia muziki, na mwaka 1939 mwimbaji Lale Andersen akalirekodi katika sahani ya santuri. Sahani hiyo inaanza kwa tarumbeta ya Zapfenstreich, ile ile ndugu ya ngoma ya kufunga mapipa. Watu hawakuijali.

Mwezi wa Aprili 1941 Wajerumani waliiteka Yugoslavia, wakaifanya redio ya Belgrade kuwa kituo cha askari wao. Kituo kilikuwa na upungufu wa sahani, na miongoni mwa chache zilizoletwa kutoka Vienna ilikuwamo hii. Ikapigwa. Barua zikaanza kumiminika kutoka kila upande wa vita, mpaka wimbo huo, "Lili Marleen", ukawekewa saa yake: saa nne kasoro dakika tatu usiku, kila usiku, kabla ya matangazo kufungwa. Mitambo ya Belgrade ilikuwa na nguvu, na usiku mawimbi ya redio husafiri mbali. Kwa hiyo ulisikika vizuri hata katika jangwa la Libya, ambako jeshi la Rommel lilikabiliana na jeshi la nane la Uingereza. Upande wa Waingereza nao wakaungoja saa hiyo hiyo.

Goebbels, waziri wa propaganda wa Ujerumani, aliuchukia. Kwa maoni yake ulimlegeza askari, ukamkumbusha nyumbani na kifo. Lale Andersen mwenyewe alipigwa marufuku mwaka 1942, ilipojulikana kwamba alikuwa na urafiki na Wayahudi waliokuwa Uswisi; aliporuhusiwa tena mwaka uliofuata, ilikuwa kwa sharti asiuimbe wimbo huo. Wakubwa wa Uingereza nao hawakufurahi kuwasikia vijana wao wakiimba kwa Kijerumani, ila wao walikuwa werevu zaidi: mwaka 1944 Tommie Connor aliutungia maneno ya Kiingereza na Anne Shelton akauimba, wakati Marlene Dietrich, Mjerumani aliyeikataa serikali ya Hitler, alikuwa akiwaimbia askari wa Marekani.

Je, Goebbels alikuwa na haki? Wapo makamanda wanaoshika neno lake hadi leo, wakitaka kambi isikie nyimbo za ushujaa tu asubuhi na jioni. Mimi sikubaliani nao. Askari wa jangwani waliousikiliza wimbo ule saa nne waliamka alfajiri wakapigana vikali, wa upande huu na wa upande ule. Mlinzi hakumbuki nyumbani kwa sababu ya redio; anakumbuka kwa sababu ni usiku na yuko peke yake. Schultze yule yule alitunga mwaka 1940, kwa kuagizwa, wimbo wa kushangilia mabomu juu ya Uingereza, ukapigwa redioni kwa nguvu zote za serikali. Leo hauimbwi na mtu.

Kituo cha Belgrade kilinyamaza mwaka 1944. Mwezi wa Oktoba mji ulikombolewa na wapiganaji wa Yugoslavia pamoja na jeshi la Kisovyeti. Lale Andersen aliishi hadi mwaka 1972, akiuimba wimbo wa mlinzi mbele ya watu ambao miaka 30 nyuma walikuwa wameusikiliza wakiwa na bunduki mikononi, pande mbili za mchanga ule ule.