Choo Bila Shimo, Bila Mabomba: Safari ya Mzigo Kutoka Mukuru Hadi Shambani

Hebu jibu hii swali haraka: ukimaliza mambo yako chooni na uflash, ile kitu huenda wapi?

Kama unaishi Buruburu, Donholm ama Umoja, pengine hujawahi hata kufikiria. Inaingia kwa bomba chini ya ardhi, na sehemu kubwa ya maji taka ya Nairobi huishia kwa yale mabwawa makubwa ya Ruai. Wewe ushafunga mlango, uko kwa simu. Lakini shuka upande wa Pipeline uingie Mukuru kwa Njenga, ama uteremke Mathare, na hiyo swali inakuwa noma. Huko plot nyingi hazijaunganishwa na sewer. Choo ni shimo moja, na nyuma ya hilo shimo wamepanga foleni wapangaji wa keja kumi, kumi na tano ama zaidi.

Leo tunakuchambulia vile wasee wa Fresh Life wanajaribu kutatua hii story, kwa nini ikaanzia Mukuru, na ni wapi bado kuna kazi.

Shida si choo tu, ni kile kinafuata

Watu wengi hudhani ukijenga choo umemaliza. Zii. Shimo hujaa. Likijaa, lazima litolewe, na lori la kunyonya choo haliwezi kupenya kichochoro ambacho hata watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke kando. Kwa hivyo vijana huitwa usiku, wanachota na ndoo, na mara nyingi mzigo unamwagwa kwa mtaro ama Mto Ngong. Yaani umetoa uchafu kwa plot yako ukampelekea jirani wa chini.

Ile njia ingine unaijua: flying toilet. Karatasi, fundo, halafu inarushwa. Usicheke. Mara nyingi mtu hufanya hivyo kwa sababu ni saa sita usiku, choo iko mbali na njia haina stima. Mwaka wa 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, na jambo lililojirudia ni hili: kwenda choo usiku ni kuhatarisha mwili wako. Msichana anaamua kutokunywa maji jioni ndio asitoke nje. Hiyo ni bei ambayo hakuna mtu huiandika kwa risiti.

Halafu kuna mvua. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipopiga Mathare na Mukuru, maji yaliingia kwa mashimo na kuyatoa yote yaliyokuwa ndani, yakayasambaza hadi kwa vyumba vya watu. Kipindupindu kinapenda hali kama hiyo. Ule mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 ulisambaa kaunti nyingi za Kenya, na ugonjwa wenyewe hauna uchawi: ni mavi ya mtu mmoja yakiingia kwa maji ama chakula cha mwingine.

Sasa Fresh Life ni nini?

Hii kitu ilianza na wanafunzi watatu wa chuo cha MIT, Marekani: David Auerbach, Lindsay Stradley na Ani Vallabhaneni. Waliunda Sanergy, na 2011 choo chao cha kwanza kikafunguliwa Mukuru. Leo kazi imegawanywa pande mbili. Fresh Life ni shirika lisilo la faida, linalohusika na vyoo na kuzoa. Regen Organics ni biashara, inayogeuza kile kilichozolewa kuwa bidhaa.

Choo chenyewe ni rahisi. Hakuna shimo. Hakuna flash. Ukichuchumaa, mkojo unaenda kwa chombo chake mbele na namba mbili inaanguka kwa chombo kingine nyuma. Ukimaliza unamwaga vumbi la mbao juu. Hilo vumbi linanyonya unyevu na kukata harufu, na kwa sababu mkojo haujachanganyika na mzigo, harufu inapungua zaidi. Ukweli ni kwamba ile harufu kali ya choo cha shimo hutokana sana na hivyo viwili kukaa pamoja.

Hapo ndipo kazi inaanza. Wazoaji wenye magwanda, glavu na gamubuti huja, wanafunika chombo kilichojaa, wanaweka kingine kisafi na kuondoka. Kwa kichochoro wanatumia mkokoteni, barabarani mzigo unahamia kwa lori. Hawamwagi chochote mtaani. Choo kinakaa pale pale, na siku ya mafuriko hakuna shimo la kufurika.

Mwanzoni vyoo vingi viliendeshwa na wakazi wenyewe kama hustle: unanunua choo, watu wanalipa wakiingia. Siku hizi vingi viko ndani ya plot, ambapo landlord analipia huduma na wapangaji wake wanatumia bila kulipa kila safari.

Kwa nini hiyo ni muhimu? Fanya hesabu. Tuseme choo cha kulipia ni ashu. Familia ya watu watano, kila mtu mara moja tu kwa siku, ni mia tano kila siku kumi. Kwa mwezi ni 1,500. Kama keja ya mabati ni 2,500, basi choo kimekula zaidi ya nusu ya rent, na bado watoi hawajaharisha. Ndio maana watoto wengi hutumwa mtaroni, na mathe anabaki na zile ashu za unga.

Mavi inakuwa doh vipi?

Mzigo unapelekwa kiwanda kilichoko Kinanie, Machakos. Huko kuna kiumbe kinaitwa black soldier fly, nzi askari mweusi. Tulia, si yule nzi wa nyama choma. Huyu akishakuwa mkubwa hana haja na sahani yako na haumi mtu. Kazi yake ni kutafuta mwenza, kutaga mayai na kufa.

Wenye njaa ni mabuu yake. Yakiwekwa kwa taka ya choo iliyochanganywa na mabaki ya chakula na ya sokoni, hula usiku na mchana kwa kama wiki mbili na kunenepa. Baadaye hupashwa joto kuua vijidudu, yanakaushwa, na kuwa protini ya chakula cha kuku, nguruwe na samaki. Mfugaji wa kuku atakuelewa haraka, kwa sababu protini ndiyo hupandisha bei ya chakula cha mifugo, na omena ambayo kuku wanalishwa ni ile ile binadamu anataka na ugali.

Kinachobaki kinageuzwa mboji. Mboji ikitunzwa vizuri hupata joto la zaidi ya nyuzi 55, na hilo joto likikaa siku kadhaa vijidudu vya magonjwa vinakufa. Matokeo ni mbolea ya Evergrow. Kumbuka 2022, vita vya Ukraine vilipofanya bei ya mbolea ya kuagizwa ipae hadi wakulima wakalia. Kumbe wakati huo mtaa mzima wa Nairobi ulikuwa unamwaga rutuba mtoni.

Usidanganywe, si miujiza

Kwanza, pesa. Mbolea na chakula cha kuku havijalipa gharama yote ya kuzoa. Ada za landlord pia hazitoshi, kwa hivyo pesa za wafadhili bado ziko ndani. Hii si Nairobi pekee. SOIL ya Haiti na Clean Team ya Kumasi, Ghana, ambao pia hutumia vyoo vya kubadilisha vyombo, wanapambana na hesabu hiyo hiyo. Mkazi wa Buruburu hazoi mwenyewe. Mfumo wa mabomba ulijengwa na pesa za umma. Mbona wa Mukuru aambiwe ajitegemee?

Pili, landlord. Wengine hata hawaishi mtaani. Asipolipa, huduma inakatika na wapangaji ndio wanaumia.

Tatu, ardhi. Mwishoni mwa 2021 matinga yalibomoa nyumba Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na Mei 2024 yakarudi kwa walioishi kando ya mito. Nani atawekeza kwa choo kizuri kama hajui kesho atakuwa wapi? Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa mnamo Agosti 2017, mtaa wenye kaya zaidi ya 100,000. Mpango kama huo ndio unafaa kuamua wapi bomba litapita na wapi vyombo vya kuzolewa vitatumika. Hivyo viwili havipigani. Mahali bomba haliwezi kufika, mtu bado anahitaji kwenda choo leo.

Na wewe ufanye nini?

Jua haki yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofaa na usafi wa kiwango kinachokubalika. Kabla ulipe deposit ya keja, uliza maswali matatu: choo ni ya watu wangapi, usiku kinafungwa, na kikijaa nani hutoa na hupeleka wapi? Landlord akianza kuzunguka hapo kwa swali la tatu, ushapata jibu.

Kama uko ndani tayari, usiende peke yako. Wapangaji wa plot nzima wakiongea pamoja, landlord husikia, kwa sababu keja kumi zikihama ni doh. Akikataa kabisa, kuna afisa wa afya ya umma wa wadi yenu. Ana uwezo wa kumpa mwenye plot notisi ya kurekebisha choo.

Na kama plot yenu ina choo cha vyombo, usitupe pedi, nepi wala chupa ndani. Kuna msee atabeba hicho chombo asubuhi kwa mikono yake. Mkikutana kwa kichochoro, mpishe njia na umsalimie.