Kwa Nini Simu Hukwama Ikitafuta Anwani ya Wi-Fi

Ni siku ya soko. Mkaazi amefika penye Wi-Fi ya umma kutuma ombi la kazi, na muda wa mwisho ni jioni hiyo. Neno la siri ni sahihi na mawimbi yana nguvu, lakini simu imekwama ikisema inatafuta anwani ya IP. Anaizima, anaiwasha, kisha anaondoka akiamini imeharibika. Huenda simu yake ni nzima kabisa. Huenda anwani ndizo zimeisha.

Makala haya yanaeleza jinsi anwani hizo hugawanywa, na hatua unazoweza kuchukua kabla ya kumlipa fundi.

Anwani ya IP ni nini?

Kila kifaa kilicho kwenye mtandao huhitaji anwani, kama vile barua inavyohitaji sanduku la posta. Bila anwani, ukurasa ulioomba haujui urudi kwa nani. Anwani ya kawaida huwa na namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.25.

Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba, maduka na ofisi. Ndiyo sababu simu iliyo Lodwar na nyingine iliyo Kisumu zinaweza kuwa na anwani sawa bila kugongana. Zikitoka nje kwenda kwenye intaneti, ruta hutumia anwani nyingine ya umma kwa niaba yao.

Nani hugawa anwani?

Hapo awali mtaalamu alilazimika kuandika anwani kwenye kila kompyuta kwa mkono. Akikosea na kuzipa kompyuta mbili anwani moja, zilisumbuana. Mwaka wa 1993 kanuni za mfumo wa kugawa anwani, unaojulikana kama DHCP, zilichapishwa. Zilirekebishwa mwaka wa 1997, na ndizo msingi wa kazi hii hadi leo. Nyumbani na kwenye maduka, kazi hiyo hufanywa na ruta yenyewe.

Fikiria karani wa soko mwenye daftari la vibanda. Mazungumzo kati ya simu na ruta huwa na hatua nne:

1. Simu inauliza mtandao mzima: Je, kuna anayegawa anwani hapa?
2. Ruta inajibu: Ninayo hii, unaitaka?
3. Simu inasema: Ndiyo, naiomba hiyo.
4. Ruta inathibitisha na kuiandika kwenye daftari lake.

Mambo yakienda sawa, haya yote huchukua sekunde chache tu. Pamoja na anwani, simu huelezwa njia ya kutokea kwenda kwenye intaneti na mahali pa kuulizia majina ya tovuti.

Kwa nini anwani huisha?

Anwani haitolewi kwa kudumu. Hukodishwa kwa muda, na muda huo huamuliwa na msimamizi wa mtandao. Kifaa kikiwa bado kipo, huomba kuongezewa muda nusu ya kipindi inapofika.

Mtandao mdogo wa kawaida una anwani 254, na ruta hujichukulia moja. Ikiwa muda wa kukodisha ni saa 24, mtu aliyepita saa mbili asubuhi kwa dakika tano anaweza kuendelea kushikilia anwani hadi kesho yake, ingawa ameshafika nyumbani. Ni kama kibanda kilichofungwa huku mwenyewe hayupo. Kufikia saa sita mchana, anayekuja hapati nafasi.

Dawa iko kwa msimamizi: kupunguza muda wa kukodisha, kwa mfano uwe saa moja, au kupanua mtandao. Mpango wa anwani ukipanuliwa mara nne, nafasi hufika 1,022.

Mkaazi afanye nini?

• Zima Wi-Fi ya simu, subiri kidogo, kisha uiwashe. Ikishindikana, uambie simu iusahau mtandao huo, halafu ujiunge upya.

• Hakikisha simu imewekwa kupokea anwani yenyewe. Ikiwa mtu aliwahi kuandika anwani kwa mkono kwenye mipangilio, iondoe.

• Kwenye kompyuta, anwani inayoanza na 169.254 inaonyesha kwamba ilikosa wa kuipa anwani, ikajipa yenyewe. Usidhani ni kodi ya simu ya Kenya. Namba zimefanana tu. Kagua waya na ruta.

• Wenye saiba, shule na maduka: msichomeke ruta ya pili kwenye mtandao bila kumwuliza anayeusimamia. Ruta mbili zikigawa anwani kila moja kivyake, baadhi ya wateja watapelekwa njia isiyofika popote.

• Printa ya ofisi itengewe anwani yake kwenye ruta, ili isibadilike na kupotea kila umeme unaporudi.

Ukikwama kwenye Wi-Fi ya umma, mjulishe afisa aliye hapo au ofisi ya msimamizi wa wadi. Taja mahali, saa, na maneno yaliyoonekana kwenye simu. Ukisema tu kwamba mtandao ni mbaya, fundi ataanza kutafuta gizani. Ukisema simu ilikwama ikitafuta anwani saa sita mchana, atajua daftari la kufungua.

Na kama ombi lako lina tarehe ya mwisho, usilisubirishe hadi adhuhuri ya siku ya soko. Fika mapema, vibanda vikiwa bado wazi.