Haiba ya Jukwaani (Sehemu ya Pili): Somo la Intore

Sehemu ya kwanza ilieleza haiba ya jukwaani ni nini. Leo tuone inavyofundishwa, tukianzia na ngoma ya Rwanda ambayo kijana wa Bugarama anaifahamu tangu utotoni: intore.

Zamani vijana wa intore walilelewa katika itorero, kwenye makazi ya mwami (mfalme) na machifu. Humo walifunzwa vita, adabu, ngoma na ibyivugo, yaani majigambo ya shujaa. Mchezaji aliingia uwanjani akiwa tayari ana jina na sifa za kutetea, na watazamaji walimpokea hivyo.

Vifaa vyake vilimsaidia na kumbana pia. Umugara wa nyuzi kichwani hufanya kila mgeuko wa shingo uonekane kutoka mbali. Amayugi, njuga za miguuni, humfichua papo hapo anayekosea hatua. Kwa sababu hiyo mchezaji wa intore hujifunza kutua kwa uangalifu uleule anaorukia: nyayo zishike ardhi, kifua kifunguke, macho yatazame mbele. Utulivu huo mfupi baada ya kishindo ndio unaowanasa watu.

Ngoma hii ilivuka bahari. Pearl Primus, aliyezaliwa Trinidad mwaka 1919 na kukulia New York, alikuwa tayari mchezaji maarufu, akisifiwa hasa kwa miruko yake, alipopata ufadhili wa mfuko wa Rosenwald mwaka 1948 kuja kujifunza ngoma barani Afrika. Kutokana na ngoma za Rwanda alitunga Impinyuza, na mwaka 1990 kundi la ngoma la Alvin Ailey likaicheza upya Marekani. Mzao wa Waafrika waliopelekwa utumwani alirudi kwa walimu wa Afrika, akaketi, akafundishwa. Desemba 2024 UNESCO nayo ikaiorodhesha intore katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Vijana wetu wanaoiga wasanii wa kwenye simu, nawasihi: kabla ya kutafuta mavazi na taa, mtafuteni mzee wa itorero. Jizoezeni kusimama kimya mbele ya watu bila kuyumba, ndipo mruke. Anayeweza kusimama hivyo hahitaji kuomba atazamwe.

Sehemu ya tatu itahusu rumba: midundo iliyokwenda Cuba na watumwa, ikarejea Kongo, jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruzizi, kwa sahani za santuri.