Kificho si Dafina: Maneno ya Mchezo Mmoja Uchezwao Hifadhini

Istilahi za michezo aghalabu huachiwa watangazaji na vijana, nazo hujitafutia njia zenyewe. Safari hii tumeona tusiziache. Mchezo tunaokusudia kuuzungumzia huchezwa mara nyingi ndani ya ardhi iliyohifadhiwa kwa sheria, na neno lisilofaa laweza kumfanya mtu mwema achimbe pasipochimbwa, au aombe kibali cha kutenda jambo ambalo mahali hapo ni kosa.

Kwa Kiingereza mchezo huu huitwa geocaching. Mtu hutia daftari ndogo ndani ya kikopo au kikasha kisichopenya maji, hukificha mahali ambapo watu wanaruhusiwa kufika, kisha hutangaza latitudo na longitudo ya mahali hapo. Mwingine huzichukua tarakimu hizo, na kwa chombo cha kupokea mawimbi ya setilaiti, au siku hizi kwa simu yake ya mkononi, hufika karibu na mahali penyewe. Hapo hutafuta kwa macho na akili, na akipata hutia jina lake na tarehe katika daftari, kisha hukirudisha kikasha kama alivyokikuta. Vikasha vya namna hii vimekwisha fichwa katika mabara yote, nchi zetu za Afrika Mashariki zikiwamo.

Hapo zamani mchezo huu usingewezekana. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiupunguza makusudi usahihi wa mawimbi ya setilaiti zake yaliyotumiwa na raia, hata kipimo kikaweza kupotoka kwa mita 100 hivi. Upunguzaji huo ulikomeshwa mwanzoni mwa Mei 2000, na tarehe 3 ya mwezi huohuo Bwana Dave Ulmer aliacha ndoo nyeusi ya plastiki karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza vipimo vyake. Msomaji aangalie jambo moja: ndoo ile ilikuwa imefukiwa nusu. Kwa hiyo mtu ambaye angetafsiri habari hii katika wiki ile ya kwanza, akaliita jambo lenyewe dafina, asingelaumiwa sana. Tangu hapo, hata hivyo, mchezo umejiwekea kanuni, na mojawapo ni kwamba ardhi haichimbwi, si kwa kuficha wala kwa kutafuta, isipokuwa kwa ruhusa ya wazi ya mwenye mahali.

Kwa nini tunalishikilia jambo hili? Tuchukue mfano wa kusini-magharibi ya Australia, ambako ardhi ya uoto wa asili imehifadhiwa hata ndani ya miji. Hifadhi ya Kings Park mjini Perth ina ukubwa wa hekta 400 hivi, na theluthi mbili yake ni uoto wa asili, ilhali barabara na majumba yameizunguka. Katika nchi hiyo kuna kiumbe kidogo mno kisichoonekana kwa macho, kiitwacho Phytophthora cinnamomi, ambacho huozesha mizizi ya miti na vichaka. Zaidi ya asilimia 40 ya aina za mimea ya asili ya upande huo huweza kudhuriwa nacho, wakiwamo jamii ya banksia na mti wa jarrah uliosifika kwa mbao zake. Kiumbe hiki husafiri kwa udongo, hasa udongo mbichi ulioganda katika soli za viatu na katika magurudumu. Kikishaingia mahali hakuna njia ya kukiondoa kabisa. Ndiyo sababu katika njia kadhaa za hifadhi za huko mtembezi hukuta mahali pa kusafishia viatu kabla ya kuendelea. Katika ardhi kama hiyo, neno linalomwambia mtu kwamba kitu kimefukiwa ni sawa na kumpa jembe.

Basi dafina haifai, maana ndani yake mmetiwa dhana ya kufukia tangu asili yake ya Kiarabu. Hazina nayo ina mashaka yake. Licha ya kuwa ni jina la ofisi ya fedha za Serikali, neno hili huamsha tamaa. Katika sehemu kadhaa za Tanzania bado zasimuliwa habari za mali iliyofukiwa na Wajerumani, na wako waliochimba mashimo makubwa kwa kuzisadiki. Kibao kikisema kwamba hifadhini mna hazina zilizofichwa, tena tarakimu za kuzipata zimetangazwa, mlinzi wa hifadhi hatalala.

Wako watakaopendekeza tulitohoe neno la kigeni, tupate jiokashi. Hatukatai utohozi panapokosekana njia nyingine, lakini msikilizaji atalisikia neno hili karibu na kashikashi, yaani misukosuko, na halitamfahamisha lolote. Tena neno ambalo Waingereza wamelitumia limetoka katika kitenzi cha Kifaransa ambacho maana yake ni kuficha tu, bila ya kufukia. Kiswahili kinacho kitenzi hicho tayari, na watoto wetu wanakichezea kila jioni katika kibe na kombolela. Tunapendekeza kificho, wingi wake vificho. Mchezo wenyewe uitwe mchezo wa vificho. Mtu atakayetaka kuitaja setilaiti katika jina asikatazwe, ila ajihadhari na vificho vya setilaiti, maana vitadhaniwa ni mambo ya majasusi.

Anayeweka ni mfichaji. Anayepata, je? Hapa Kiswahili kinatutega. Kwa kuwa tuna ziba na zibua, fukia na fukua, mtu aweza kudhani kwamba kinyume cha mfichaji ni mfichuaji. Lakini kufichua ni kulitoa jambo la siri hadharani, na hilo ndilo hasa ambalo mchezaji hapaswi kulitenda. Akipata, hufunika tena. Tuseme mtafutaji, na akifaulu, mpataji. Kitenzi kufichua tukiweke kwa ajili ya kosa lenyewe: kukitoa kificho mbele ya macho ya mtu asiyehusika. Mtu huyo wachezaji wa Kiingereza humwita kwa neno lililotungwa na mwandishi J. K. Rowling katika hadithi zake za Harry Potter, la kumtaja asiye na uchawi. Sisi hatuna haja ya uchawi. Tuna mtu baki, na latosha.

Sasa tuingie katika jambo linalowahusu zaidi watumishi wa Serikali. Waingereza husema kwamba wachezaji wanawinda vificho. Mfasiri akiandika katika fomu ya maombi kwamba kikundi cha watu 12 kinaomba kuingia hifadhini kwa ajili ya uwindaji, mwenye kupokea fomu ataisoma kama ilivyoandikwa. Kwa Kiswahili huwindwa mnyama. Kusaka kuna nguvu ileile, na msako ni kazi ya polisi. Kutafuta ni neno baridi, nalo ndilo linalofaa katika karatasi ya kiserikali.

Hatari huzidi pale ambapo mahali penyewe pameitwa pori la akiba. Katika Tanzania jina hili ni la kisheria. Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, ni mahali ambapo wanyama wameweza kuwindwa kwa leseni. Mfasiri akilitumia jina hilo kwa bustani ya uoto wa asili ya Perth, halafu akaongeza uwindaji, atakuwa ameandika habari kamili, yenye kueleweka, na ya uongo mtupu. Kichaka nacho ni kidogo mno, na nyika humchukua msomaji mbali na mji. Kwa ardhi ya namna ile ya Australia twapendekeza hifadhi ya uoto wa asili. Ni maneno mengi kidogo, lakini mwalimu wa jiografia anayajua, na hayagusi jina lolote la kisheria.

Kuhusu ukubwa wa vyombo hatuna la kubuni. Lugha ina akiba ya kutosha. Kile kidogo kama kikopo cha filamu ya picha ni kijaluba, kinachokizidi ni kibweta, kisha kasha, kisha sanduku. Viko vilevile vituo visivyo na chombo chochote, vilivyoanzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani, ambapo mchezaji huangalia mwamba au korongo na kujibu maswali. Hivyo hufaa sana mahali ambapo wasimamizi wamekataa vyombo kabisa. Kuviita vificho vya ardhi ni kosa, kwa kuwa hakuna kilichofichwa. Tuviite vituo vya somo la ardhi.

Kila kificho hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5. Moja ni ya ugumu wa kutafuta. Ya pili tumeona ikitafsiriwa mandhari, na tunaomba iachwe mara moja. Msomaji akiona mandhari 5 atadhani ataburudika macho, kumbe ameambiwa kwamba hafiki bila ya kamba, mashua au chombo kingine maalumu. Na alama 1 ina maana kwamba mwenye kiti cha magurudumu aweza kufika. Iandikwe ugumu wa njia.

Limebaki tangazo la kubandikwa juu ya chombo. Mwaka 2011, mjini Wetherby, Uingereza, kificho kimoja kililipuliwa na wataalamu wa mabomu baada ya mtu kukitilia shaka. Hapo maneno machache yaliyo wazi yana kazi kubwa. Tunapendekeza haya: Hiki ni kificho cha mchezo. Ndani mna daftari na vitu vidogo visivyo na thamani. Ukikikuta kwa bahati, tafadhali kirudishe palepale ulipokitoa. Tumeandika palepale, wala si mahali pa usalama kama ilivyo katika rasimu tulizoziona, kwa sababu mtu anayekihamisha kificho hatua 20 kwa nia njema huwafanya wanaomfuata wapekue na kukanyaga kila kichaka cha kandokando.