Je, Wajua? Bunduki ya Kireno Iliyozaliwa Berlin
Je, wajua kwamba bunduki ya askari wa Ureno pwani ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilitengenezwa katika nchi ya adui? Ni Mauser-Vergueiro ya 1904, kazi ya kiwanda cha DWM, Berlin.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, askari wengi wa Wajerumani walishika Mauser za 1871. Baruti yake nyeusi ilifuka wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Tarehe 25 Novemba 1917 askari hao walivuka mto na kuiteka kambi ya Kireno ya Ngomano, wakajitwalia bunduki za Kireno.

Baadaye, Mauser-Vergueiro nyingi zilibadilishwa kutoka milimita 6.5 hadi 7.92. Ndiyo maana yenye mtutu wa asili ni adimu. Ukiiona, usiichonge upya: itunze.