Kipimo Kipya cha Sukari: Tuache Mbachao?

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo ilinijia mwaka 2022, mpwa wangu aishiye Hamburg, Ujerumani, aliponipigia simu: "Shikamoo mjomba. Nikuletee kipimo kipya cha sukari, au wataka kile kile cha zamani?"

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ila biashara imeniweka Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira. Maradhi ya sukari ninayo, na insulini najidunga kila siku. Huku milimani chakula ni tele: matoke, ugali wa wimbi, na chinsaga, mboga ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la mgagani. Mtu wa sukari hana budi kujua hali yake kabla ya kukata tonge.

Kipimo nilichozoea kilikuwa FreeStyle Libre ya kwanza, iliyotoka Ulaya mwaka 2014. Ni kidude cha duara kinachobandikwa nyuma ya mkono, karibu na bega, kikakaa siku 14. Ukitaka kujua sukari yako, wakisogezea chombo cha kusomea, nacho chakupa hesabu. Lakini hakisemi mpaka kiulizwe. Ukilala fofofo na sukari ikashuka, nacho kimenyamaza.

Hicho kipya, aina ya tatu, kiliidhinishwa Ulaya mwaka 2020. Ni kidogo zaidi, hupeleka hesabu kwenye simu kila dakika, na sukari ikishuka mno simu hupiga kengele. Kwa mtu wa insulini, kengele hiyo yaweza kuokoa roho.

Basi kwa nini nilisita? Kidude kikitimiza siku zake hutupwa. Kwa mwaka mzima wahitaji 26, na mpwa wangu ni mtu wa mshahara. Kuona kwa wiki mbili, kisha kukaa gizani miezi miwili, hakumfai mgonjwa. Kipimo cha kutoboa kidole, ambacho vijikaratasi vyake nanunua Kisii mjini, nakimudu kila siku. Isitoshe, vidude hivi hupima majimaji ya chini ya ngozi, si damu yenyewe, na huchelewa dakika kadhaa. Hesabu isipolingana na unavyojihisi, kidole hutobolewa vile vile.

Lililokata shauri ni Ramadhani. Saumu yetu hupita saa 13, na miongozo ya kimataifa ya kisukari yasema sukari ikishuka chini ya 3.9, mgonjwa afungue papo hapo. Kutoboa kidole hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanavyuoni wengi, lakini nani atajitoboa kila nusu saa?

Nikamjibu mpwa wangu: niletee viwili vipya, vya Ramadhani tu. Viwili ni siku 28, na siku moja au mbili zinazobaki namalizia kwa kidole. Miezi mingine natumia vijikaratasi vyangu.

Msomaji mwenye maradhi haya, kabla ya kununua kipya uliza bei ya mwaka mzima, usiulize ya kidude kimoja. Na ukitaka kufunga, muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Akikuambia usifunge, ruhusa ya mgonjwa ipo katika dini yetu.